Je, Marie Curie, mgunduzi wa radiamu (elementi inayotoa mionzi), alikuwa msaidizi wa mumewe tu?

Wengi tumesikia tangu shuleni kwamba Marie, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel, mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Paris, alikuwa akimsaidia tu mumewe, Pierre. Inaeleweka: tuzo ya fizikia ya 1903 walipewa pamoja na mwanasayansi mwingine.

Lakini tutazame tarehe. Yeye ndiye aliyepima jiwe jeusi lenye urani akakuta linatoa mionzi mikali kuliko urani yenyewe, na ripoti ya Aprili 1898 ina jina lake peke yake. Ndipo mumewe akaweka kando utafiti wake wa fuwele, akaungana naye. Ndani ya banda bovu, mama huyu alikoroga mawe hayo yaliyosagwa yakichemka ili kupata radiamu, kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake.

Mume alifariki 1906. Tuzo ya kemia ya 1911 alipewa yeye peke yake.

Ukitaka kuhakiki, fungua orodha ya washindi, linganisha miaka, kisha soma majina yaliyo juu ya ripoti za mwanzo.

Binti yake naye alishinda tuzo ya kemia mwaka 1935. Na mwanamke aliyeanza kama msaidizi katika maabara yake aligundua elementi ya fransiamu mwaka 1939.