Fundi wa Katwe Atatengeneza Kila Kitu Isipokuwa Kioo

Darubini nyingi tunazoletewa katika maabara yetu ya fizikia hazikuharibiwa na matumizi. Zimeharibikia kabatini. Mwenyewe aliinunua kwa gharama kubwa, akatazama Mwezi na Mshtarii kwa majuma machache, mvua zikaanza, akairudisha kwenye boksi lake lenye sponji na kulisukuma chini ya kitanda. Miezi sita baadaye analifungua na kukuta kioo kimetandwa na kitu kama utando wa buibui. Kitu hicho ni kuvu, na hapa Uganda kuvu ndiyo adui wa kwanza wa mtu anayetaka kutazama nyota akiwa uani kwake.

Maelekezo mengi ya kutunza darubini yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Sisi tuko kwenye Ikweta, sehemu kubwa ya nchi ikiwa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na maeneo mengi yana misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Hesabu yetu ni nyingine. Mguu wa darubini ukivunjika, fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi vyuma mjini Kampala, atauchomelea siku hiyohiyo. Mbao zikioza, soko la mbao la Ndeeba lipo. Lakini alumini iliyopakwa juu ya kioo kikuu ina unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, nayo hupakwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Kuvu hutoa asidi inayoila, na kwenye lenzi huweza kuila hata glasi yenyewe. Kikifika hapo, kioo hakitengenezeki mtaani. Kwa hiyo mpango wote wa kujenga, kuhifadhi na kusafisha uanzie kwenye swali moja: kioo kitabaki kikavu?

Kuvu haihitaji maji ya kumwagika. Inatosha hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 au 70 kwa siku kadhaa, giza, na chembe za vumbi au alama ya kidole. Boksi la sponji linaipa vyote hivyo. Tupa sponji, au ulitumie boksi hilo kusafirishia tu. Na tafadhali usiifunge darubini ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) ukidhani unaikinga na mvua, kwa maana unyevu ulioingia nayo hautatoka.

Wahudumu wa maabara za afya katika nchi za joto walishakutana na tatizo hili kwenye hadubini zao, na dawa yao ni nzuri mno: kabati lenye balbu. Weka balbu ya waya ya wati 25 au 40 sehemu ya chini, mbali na mbao na kitambaa, iwake mchana na usiku, na vioo viwe rafu ya juu. Toboa matundu madogo chini na juu, uyafunike kwa wavu. Kinachofanya kazi hapa ni hewa. Hewa ikipata joto, kiasi cha mvuke kilichomo hakibadiliki, ila uwezo wake wa kubeba mvuke unaongezeka. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 90, ukiipasha hadi nyuzi 28, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 56. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, joto lake ni dogo.

Pale umeme usipotabirika, tumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, na ndani yake silika jeli ya aina inayobadilika rangi. Weka na kipima unyevu kidogo, ukilenga asilimia 40 hadi 50. Punje zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi kwa saa mbili au tatu, kisha uzirudishe. Mchele, ambao watu wengi huupendekeza, hufyonza unyevu kidogo sana na huacha unga wa wanga, yaani chakula cha kuvu. Walioko Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, wana nafuu ya ukavu kwa miezi mingi. Kwao shida kubwa ni vumbi.

Usiku wenyewe huleta umande. Anga likiwa safi, kioo na bomba hupoteza joto kwenda juu hadi vinakuwa baridi kuliko hewa inayovizunguka, na mvuke unatua juu yake. Darubini ya lenzi huathirika haraka kwa sababu lenzi iko mdomoni kabisa. Ya kioo hukingwa na bomba lake, ingawa kile kioo kidogo cha juu hulowa. Tengeneza kola ya kadibodi nyeusi au ya mkeka wa sponji ngumu, itokeze mbele ya lenzi kwa urefu unaozidi upana wa lenzi mara moja na nusu. Umande ukishatua, usifute. Na ukimaliza kutazama, usifunike darubini ingali mbichi. Iingize ndani ikiwa wazi, mdomo ukitazama chini kidogo, iache ikauke yenyewe, kisha ndipo uweke vifuniko na kuihifadhi. Watu huruka hatua hii kwa sababu ni saa nane za usiku na wamechoka, na huko ndiko vioo vingi vinakoanzia kuharibika.

Sasa usafi, na hapa nasema kwa msisitizo wote: vumbi kidogo juu ya kioo halizuii kuona nyota. Nimeona vioo vingi zaidi vilivyochakazwa na vitambaa kuliko vilivyochakazwa na vumbi. Vumbi la barabara zetu nyekundu lina punje ngumu za mchanga, na kila unapolisugua unachora mistari isiyofutika. Pulizia kwa kile kipira cha kunyonyea kamasi za watoto kinachouzwa famasi, si kwa mdomo, mate yana chumvi. Ila kinyesi cha mjusi kafiri hakisubiri, kwa sababu kinakula alumini. Kikidondoka juu ya kioo, au poleni ya maua ikiganda, toa kioo katika kikombe kinachokishika, vua pete zako vidoleni, kimwagie maji safi hadi punje zote zinazoweza kutoka zitoke. Kisha kilaze ndani ya maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, na chini ya maji hayohayo pitisha pamba ya hospitali kwa uzito wake tu, upande mmoja, mara moja, halafu itupe na uchukue nyingine. Suuza mwishowe kwa maji yaliyotoneshwa, kwa kuwa ya bomba huacha madoa ya chokaa. Maji hayo huuzwa kwenye maduka ya betri za magari na vituo vya mafuta, lakini hakikisha umepewa maji na siyo asidi ya betri, maana chupa hukaa rafu moja. Simamisha kioo kikauke. Unapokirudisha, vishikio visikibane. Karatasi ipite kati yake na kioo, la sivyo nyota zitaonekana zimepinda.

Tukifika kwenye nyumba ya darubini, watu wengi huwaza kuba. Kuba ni ghali, huvuja, na halihitajiki. Mitaa mingi ya Kampala ina mageti yanayosukumwa pembeni juu ya reli. Fundi anayeyatengeneza anajua tayari kila kitu kinachohitajika kwa paa la kusukuma: magurudumu ya geti yaleyale, chuma cha pembe kikiwa reli, na nguzo mbili nje za kulipokea paa likifunguka. Mwambie unataka geti lililolala. Chumba cha mita 2.5 kwa 2.5 kinatosha darubini yenye kioo cha sentimita 20. Makomeo yawe kwenye pembe zote nne, kwa sababu pepo zinazotangulia mvua huweza kunyanyua paa jepesi zima zima. Mabati yapakwe rangi nyeupe na yawekewe dari ya plaiwudi, kwani bati tupu hushika joto la mchana na hewa inayopanda kutoka humo huifanya sayari itetemeke machoni. Fungua paa jua linapozama, anza kutazama saa mbili hivi za usiku.

Katikati simamisha nguzo ya zege yenye msingi wake peke yake, isiguse sakafu, ili hatua zako zisiitikise. Zege mbichi hutoa mvuke kwa wiki nyingi, basi usihamishie vioo humo kabla ya mwezi mmoja kupita. Matundu ya hewa yazibwe kwa chandarua kizee: nyigu hupenda kujenga kwa udongo ndani ya mabomba, na wale wadudu wa ziwani wanaoruka kama moshi huko Entebbe na Jinja hujaa kila mahali penye taa. Ukuta wa kusini uufanye mfupi au wa kukunjwa. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani ambayo wenzetu wa Ulaya hawaioni kabisa, hufika kwetu takriban nyuzi 20 tu juu ya upeo, jioni za Januari na Februari, wakati wa kiangazi chetu. Itakuwa hasara kulizibia kwa matofali.

Stendi ndiyo inayowatatiza wengi. Zile zinazofuata mzunguko wa nyota zina mhimili unaopaswa kuelekea ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, na kwetu ncha zote mbili ziko kwenye upeo, Nyota ya Kaskazini ikizama ndani ya ukungu wa chini. Stendi nyingi za dukani hazilali kiasi hicho, na zikilazimishwa, uzito wa kusawazisha hugonga mguu. Lakini Ikweta imetupa njia rahisi ambayo watu wa kaskazini hawana: mhimili unalala sawa na ardhi. Vyuma viwili vya kusimama, beringi mbili za gari, na ekseli iliyolala kutoka kusini hadi kaskazini, darubini ikiwa katikati. Kazi hiyo ni ya Katwe kabisa. Stendi ya mbao aliyoieneza John Dobson wa Marekani nayo ni nzuri na rahisi, ila husumbua inapotazama utosini, yaani juu kabisa ya kichwa, na sayari zetu hupita karibu na utosi mara kwa mara.

Ili kupata kaskazini halisi, ning'iniza uzi wenye jiwe na utazame kivuli chake jua linapokuwa katikati. Saa yetu inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki na Kampala iko karibu nyuzi 32.6, hivyo adhuhuri ya kweli huangukia wastani wa saa saba kasoro dakika kumi mchana, ikisogea kutoka saa sita na dakika 33 mwanzoni mwa Novemba hadi saa saba na dakika 4 katikati ya Februari. Chora mstari kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote. Usifanye hivyo Machi au Septemba, jua likiwa juu ya kichwa, maana hakutakuwa na kivuli cha kuchora.

Umeme wa darubini utoke kwenye betri ya volti 12. Ule wa ukutani hukatika, na unaporudi kwa kishindo huunguza mota na saketi. Radi ni jambo zito zaidi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yanayopigwa na radi nyingi duniani, na hatujasahau kwamba mwaka 2011 radi iliwaua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, Kiryandongo. Ukisikia ngurumo, funga paa, chomoa nyaya, ingia nyumba kubwa. Chumba cha mabati chenye bomba la chuma si mahali pa kusubiria.

Mjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwamba utakuwa nje usiku, na mwombe jirani aifunike taa yake ya ulinzi iangaze chini. Novemba kuna taa zisizoombeka: mitego ya senene (panzi wanaoliwa), balbu kali zilizopangwa mbele ya mabati, Masaka hasa. Ni riziki za watu na msimu hupita. Majuma hayo ninapendekeza kutazama Mwezi na sayari, ambavyo mwanga hauviathiri sana.

Ukishazoea, usitazame tu, andika. Jumuiya ya Marekani ya Wachunguzi wa Nyota Badilifu (nyota ambazo mng'ao wake hubadilika), AAVSO, iliyoanzishwa 1911, hupokea makadirio ya mng'ao wa nyota kutoka kwa mtu yeyote duniani, na wachunguzi katika longitudo zetu ni wachache. Betelgeuse, ile nyekundu ya Orioni, ilififia wazi kwa macho kati ya mwisho wa 2019 na Februari 2020, na kwetu hupita karibu kabisa na utosi. Kuikadiria kwa kuilinganisha na nyota ya Aldebaran hakuhitaji hata darubini.

La mwisho ni Jua. Tarehe 3 Novemba 2013 kupatwa kwa jua kulipita kaskazini mwa Uganda na watu wakafurika Pakwach. Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kamili Misri, nasi tutaona Jua likimegwa sehemu, mchana. Darubini za bei nafuu za zamani zilikuja na kichujio kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Kivunje leo. Kinakaa mahali ambapo joto lote la Jua limekusanywa, huweza kupasuka, na jicho hupofuka kabla hujaondoa kichwa. Kichujio salama hufunika mdomo wa mbele wote wa darubini na kimetengenezwa kwa ajili ya Jua. Filamu za eksirei na vioo vya kuchomelea vya kawaida visikaribie darubini. Kabla ya kila matumizi kiinue mbele ya balbu kali, na ukiona hata tundu moja la sindano, kikate vipande ili mtoto asije akakiokota na kukitumia.