Kilula Kikavu Nacho Kinahesabiwa

Karibu kila kikao cha wadau wa maji hapa Newala hakikosi mtu wa kusema kwamba huduma imeboreka kwa kuwa vilula, yaani vituo vya umma vya kuchotea maji, vimeongezeka. Juma hili nimeyasikia tena maneno hayo, tena kwa kupigiwa makofi, nami siwezi kuendelea kuyanyamazia. Kilula ni zege na koki tu; huduma ni maji kutoka wakati mama amefika na ndoo yake.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400. Ni kigezo kizuri cha kusanifu mradi, lakini ukikifanya kuwa kipimo cha huduma, kituo kinachotoa maji mara mbili kwa juma kitalingana na kile kinachotoa kutwa nzima. Mita hizo 400 zilikuwamo hata katika mpango wa maji vijijini wa miaka 20 ulioanza mwaka 1971, uliolenga kumfikia kila mwananchi ifikapo 1991. Miradi ilijengwa, kisha mingi ikanyamaza kwa kukosa dizeli, vipuri na fundi.

Uwanda wa Makonde, ambako Newala ipo, ni mchanga unaonyonya mvua yote, na vyanzo viko mabondeni, kwa hiyo maji hupandishwa mamia ya mita. Hapa umeme ukikatika au kifaa kikifa, vilula vyote vya juu hukauka kwa pamoja. Nimewahi kukuta pampu ya kusukumia imesimama kwa sababu ya raba ya kapulingi, kiungo cha mota na pampu, inayoenea kiganjani. Fedha za kuinunua zilikuwamo benki, na mhudumu wa pampu alijua duka inakouzwa. Kilichokosekana ni idhini ya mtu aliyekuwa mbali. Ndiyo maana nasisitiza kwamba fungu la matengenezo madogo, pamoja na mamlaka ya kulitumia, vikae kwa chombo cha watumia maji pale kijijini, na saa za maji ziandikwe kila siku mahali ambapo kila mtu anaziona.

Kuhusu malipo, nina mashaka. Dira za malipo ya kabla huziba mianya ya upotevu wa fedha, lakini mkulima wa korosho hupata fedha msimu wa minada, na ifikapo Machi wengi hawana kitu. Kulipia mwaka mzima wakati wa msimu kungesaidia, ila bei ikianguka mfuko wa maji nao utapwaya, na sijaridhika na jibu lolote nililolisikia kuhusu nani azibe pengo hilo. Mimi naelemea upande wa serikali kuu kubeba sehemu ya umeme wa kusukuma, kwa kuwa si haki mtu wa uwandani alipe ndoo kwa bei kubwa kuliko mtu wa bondeni kwa sababu tu ya mwinuko.