Je, wajua kwa nini Mtwara ni -10.27, 40.18?

Ukiwa Mtwara mjini, fungua ramani kwenye simu, weka kidole pale ulipo na ukishikilie kidogo. Zitatokea namba mbili zinazokaribia -10.27 na 40.18. Hakuna mji mwingine duniani wenye jozi hiyo. Zimetoka wapi?

Ya kwanza ni latitudo, yaani umekaa mbali kiasi gani na Ikweta. Ikweta ni 0, ncha za dunia ni 90, na ile alama ya kutoa inasema tuko kusini. Usiidharau: ukiisahau, ramani inakupeleka Ethiopia. Ukizigeuza namba zenyewe, unaangukia Bahari ya Atlantiki, magharibi mwa Ureno.

Kila nyuzi ya latitudo ni kama kilomita 111, nayo hugawanywa kwa dakika 60 (za umbali, si za saa), kila dakika kilomita 1.85 hivi. Lindi mjini inakaribia kabisa nyuzi 10 kusini. Mtwara ni nyuzi 10 na dakika 16. Kwa hiyo Mtwara imeizidi Lindi kilomita 30 tu kwenda kusini, ingawa kwa basi ni zaidi ya 100. Pwani yetu inaposhuka kusini huwa inakwenda na mashariki pia.

Latitudo hata bila simu utaiona. Mtwara jua huwa utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 22 Februari na 20 Oktoba. Februari nilichomeka kijiti cha kimo cha goti kwenye mchanga wa ufuo wa Shangani, hapa Mtwara. Saa sita kamili mchana kivuli kilikuwa bado kipo, urefu wa kidole, kimelala upande wa magharibi. Kikazidi kufupika taratibu, mpaka saa sita na nusu na dakika chache kikapotelea shinani mwa kijiti.

Mbona hakikupotea saa sita kamili? Hapo ndipo inapoingia longitudo, ile namba ya pili, yaani uko mashariki au magharibi kiasi gani. Hiyo huhesabiwa kutoka mstari wa Greenwich, London, uliokubaliwa kwenye mkutano wa Washington mwaka 1884. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo 45 mashariki, mstari ambao haugusi Tanzania hata kidogo. Sisi tuko 40.18, hivyo jua letu huwa nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 19 hivi. Februari huongezeka nyingine 13 au 14, kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama na mwendo wake kulizunguka jua haulingani mwaka mzima.

Kumbe longitudo ni muda. Ndiyo maana iliwatesa mabaharia karne nyingi: latitudo waliipata kwa kupima kimo cha nyota au jua juu ya upeo wa bahari, lakini longitudo ilidai saa isiyopotea majira chomboni. Saa ya namna hiyo aliitengeneza John Harrison, Mwingereza, katika karne ya 18.

Kigoma iko karibu nyuzi 29.6 mashariki, tofauti ya dakika 42 na sisi. Kama una ndugu huko, mpigie simu magharibi, jua likishazama kwako. Muulize la kwake liko wapi.