Neil deGrasse Tyson hakuivua Pluto usayari

Ni wanasayansi wachache walio hai wanaojulikana na watu wasiosoma sayansi kama Mmarekani Neil deGrasse Tyson, na umaarufu huo umemfanya abebeshwe mambo ambayo ama hakuyafanya, ama hakuyafanya peke yake.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba yeye ndiye aliyeiondoa Pluto katika orodha ya sayari. Ukweli ni kwamba uamuzi huo ulipitishwa kwa kura na Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, mjini Prague, tarehe 24 Agosti 2006, baada ya magimba mengi ya barafu kugunduliwa ng'ambo ya Neptuni, hasa Eris, iliyotangazwa mwaka 2005 na kundi la mwanaastronomia Mike Brown na ambayo wakati huo ilidhaniwa kuwa kubwa kuliko Pluto. Ikiwa Pluto ni sayari, Eris ingenyimwaje cheo hicho?

Alichofanya Tyson kilitangulia kura hiyo kwa miaka sita, nacho kilihusu mpangilio wa maonyesho. Februari 2000, Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani jijini New York yalifungua Rose Center, jengo jipya la jumba la nyota la Hayden ambalo Tyson ndiye mkurugenzi wake. Humo, badala ya kuzipanga sayari tisa kwa mstari kama vitabu vya shule vilivyozoea, magimba yaliwekwa pamoja kwa kadiri yanavyofanana: Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, zilizo za mawe, zikawa kundi moja, Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptuni kundi jingine, na Pluto ikawekwa na wenzake wa barafu wa Ukanda wa Kuiper, eneo lililo ng'ambo ya Neptuni. Mambo yalikuwa shwari kwa takriban mwaka mzima, hadi gazeti la New York Times lilipoiandika habari hiyo katika ukurasa wa kwanza, Januari 2001, ndipo barua za hasira zilipomiminika, nyingine zikiwa za watoto wa shule. Kwa maoni yangu mpangilio ule ulikuwa na mantiki kuliko kura yenyewe, kwa sababu ulimwonyesha mtazamaji kipi kinafanana na kipi bila kumlazimisha kukariri idadi.

Wapo pia wanaodai kwamba Tyson ni mtangazaji tu aliyejipachika usayansi. Hili halisimami: alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1991 kwa utafiti kuhusu nyota za kitovu kilichovimba cha galaksi yetu, kisha akaendelea na utafiti Princeton. Hata hivyo, wanaombeza hawajakosea kabisa, kwani tangu alipokabidhiwa ukurugenzi mwaka 1996 kazi yake kubwa imekuwa kueleza ugunduzi wa wengine, wala si kugundua.

Si mtumishi wa NASA, ingawa shirika hilo lilimtunuku nishani mwaka 2004, na Rais George W. Bush alimteua katika tume mbili za masuala ya anga.

Dhana ya mwisho humfanya mwanafunzi wa Carl Sagan, mwanaastronomia wa Marekani aliyesifika kwa kuieleza sayansi kwa umma. Ni kweli kwamba Sagan alimwalika Chuo Kikuu cha Cornell Tyson akiwa kijana wa miaka 17, akamtembeza katika maabara na, kama Tyson mwenyewe anavyosimulia, akamwandikia namba ya simu ya nyumbani endapo theluji ingezuia basi lake la kurudi. Lakini Tyson alichagua Harvard, akahitimu fizikia mwaka 1980, mwaka uleule ambao mfululizo wa televisheni wa Sagan, Cosmos, ulianza kurushwa. Toleo la mwaka 2014 alilitangaza, ila hakuliandika: maandishi yalikuwa ya Ann Druyan, mjane wa Sagan, na Steven Soter, ambao wote wawili walishiriki kuandika lile la kwanza.