Mfalme Sulemani na ahadi za Mungu: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Sulemani akitajwa mahubirini, tunasikia hekima, dhahabu na wake 700, basi. Ahadi zilizotimia enzi zake hupitiwa juu juu. Hapa kuna kauli nne zinazosikika sana, kila moja ikipimwa na Maandiko.

“Kiti kilikuwa chake tangu mwanzo.” Adonia, kaka yake, alishaandaa karamu ya kujitawaza huko En-rogeli, tena akiwa na Yoabu mkuu wa jeshi na kuhani Abiathari. Ikabidi Bathsheba na nabii Nathani waingie chumbani kwa Daudi kumkumbusha kiapo chake. Sulemani akapandishwa nyumbu wa mfalme, akatiwa mafuta Gihoni, na sauti ya tarumbeta ikawafikia wageni wa Adonia ndiyo kwanza wanamaliza kula.

“Nchi aliyoahidiwa Ibrahimu yote ikawa mali ya Waisraeli.” 1 Wafalme 4 inasema Sulemani alitawala kuanzia Mto Frati hadi mpaka wa Misri, na watu wake walikuwa wengi kama mchanga wa pwani, maneno ya Mwanzo yanasikika humo waziwazi. Lakini falme za eneo hilo zilimletea kodi tu, zikabaki na wenyeji wake. Na ni Sulemani huyohuyo aliyempa Hiramu wa Tiro miji 20 ya Galilaya. Hiramu akaenda kuikagua, haikumpendeza.

“Utajiri ule ni ushahidi kwamba Mungu aliridhika naye.” Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayopotosha zaidi. Kweli, kule Gibeoni aliomba moyo wa kupambanua mema na mabaya, akaongezewa mali asiyoiomba. Ahadi hiyo ilitimia: 1 Wafalme sura ya 10 inataja talanta 666 za dhahabu kwa mwaka. Ila isome sura hiyo huku umefungua Kumbukumbu la Torati 17 pembeni. Mfalme wa Israeli alikatazwa kujiongezea farasi, hasa wa kutoka Misri, kuoa wake wengi, na kujilimbikizia fedha na dhahabu. Sasa tazama: sura ya 10 inahesabu dhahabu, kisha farasi, na inataja kabisa kwamba walitoka Misri. Sura ya 11 inafunguka na wake. Sidhani mwandishi alipanga hivyo kwa bahati. Neema aliyopewa mfalme na katazo alilolivunja vimewekwa bega kwa bega.

“Alipofuata miungu mingine, ahadi ya Daudi ikafutika.” Ahadi ya 2 Samweli 7, kwamba kiti cha Daudi kitadumu, ilikuja na fimbo ndani yake: mwana akikosa ataadhibiwa, lakini fadhili hazitaondolewa kwake kama zilivyoondolewa kwa Sauli. Fimbo ikaja. Nabii Ahiya Mshiloni alimkuta Yeroboamu, mtumishi wa Sulemani, njiani, wako wawili tu, akalirarua vazi jipya vipande 12 na kumpa 10, ishara ya makabila 10 atakayoyatawala. Sulemani mwenyewe alimaliza miaka yake 40 kitini. Pigo lilimshukia mwanawe Rehoboamu, aliyekataa kuwapunguzia watu nira kule Shekemu.

Hata hivyo Yuda ilibaki kwa nyumba ya Daudi. Ukiacha miaka sita ya malkia Athalia, aliyekinyakua kiti, ukoo huo ulitawala Yerusalemu kwa zaidi ya miaka 300, hadi Wababeli walipoubomoa mji. Kule kaskazini, nyumba ya Yeroboamu haikuvuka kizazi cha pili: Nadabu, mwana wa Yeroboamu, aliuawa na Baasha katika mwaka wake wa pili wa kutawala; kisha Baasha akatwaa kiti na kuufyeka ukoo mzima.