Bangili yenye chipu mkononi mwa mgonjwa: maswali na majibu

Mama amelazwa, nesi kamfunga bangili ya plastiki na kusema ina chipu. Hiyo chipu inafanya nini?

Inabeba namba. Namba hiyo ndiyo inayofungua jalada la mama kwenye kompyuta ya hospitali. Chipu za bei nafuu hazina betri: hukaa kimya mpaka kisomaji kizirushie mawimbi ya redio, kisha hutumia nguvu ya mawimbi hayohayo kurudisha namba. Zenye betri hutuma ishara zenyewe na husomeka kutoka mbali zaidi. Uzuri wake ni kwamba, tofauti na lebo ya mistari, chipu haihitaji kuonekana. Nesi anaweza kuisoma usiku bila kumfunua mgonjwa shuka wala kumwamsha.

Kwa hiyo hospitali itajua aliko hata akienda nyumbani?

Hapana. Chipu hujulikana ilipo pale tu penye visomaji, kama milangoni na kwenye korido. Nje ya hapo haimfuati mtu.

Kuna faida ya kweli, au ni mambo ya kisasa tu?

Ipo, na mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa Singapore. Mwaka 2003 ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa uitwao SARS uliua watu 33 kule, na hospitali zilikuwa miongoni mwa sehemu ulikosambaa. Akigundulika mgonjwa mmoja, swali lilikuwa: alikaa karibu na nani? Kumbukumbu za watu hazitoshi, maana nani anamkumbuka kila mtu aliyepishana naye kwenye foleni? Hospitali ya Alexandra ikaanza kuwavalisha wagonjwa, wageni na wafanyakazi wa idara ya dharura kadi zenye chipu shingoni, na taarifa za mienendo yao zikahifadhiwa siku 21, zaidi ya muda ambao SARS hujificha mwilini kabla ya dalili kutokea.

Chipu hufungwa pia kwenye viti vya magurudumu na pampu za dripu, ili nesi asizunguke wodi tatu akitafuta pampu moja huku mgonjwa akisubiri. Wodi za wazazi kwingine huwavalisha watoto wachanga mguuni, na mlango hulia mtoto akitolewa bila ruhusa. Hata vitambaa vya kunyonyea damu wakati wa upasuaji vimewekewa chipu: mwaka 2006 watafiti wa Stanford, Marekani, walivijaribu kwa wagonjwa 8, wakapitisha kisomaji cha mkononi juu ya mwili, na kila kitambaa chenye chipu kilichowekwa ndani kwa majaribio kikagundulika.

Mawimbi hayo hayana madhara?

Hofu kubwa zaidi iko kwenye mashine zilizo karibu na kitanda. Mwaka 2008 jarida la madaktari la JAMA lilichapisha majaribio ya Amsterdam, Uholanzi, yaliyofanywa bila kumhusisha mgonjwa yeyote. Vifaa 41 vya wagonjwa mahututi viliwekwa karibu na visomaji na chipu za namna hii, na katika majaribio 123 zilitokea hitilafu 34. Kati ya hizo 22 zilihesabiwa kuwa za hatari. Mashine za kupumulia zilizimika, pampu za sindano zikasimama. Hitilafu nyingi zilitokana na mfumo wa chipu zisizo na betri, kwa sababu kisomaji chake hulazimika kurusha mawimbi yenye nguvu ya kutosha kuiamsha chipu. Ndiyo maana hospitali inapaswa kupima vifaa vyake yenyewe kabla ya kufunga kisomaji karibu na vitanda vya mahututi, na kwangu hilo si jambo la kujadiliana bei. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo awaambie wahudumu mapema, na asisimame akiegemea kisomaji cha mlangoni.

Mbona nesi bado anamuuliza mama jina lake kila mara?

Kwa sababu bangili inajua ilipo, haijui imefungwa mkono wa nani. Ikifungwa kwa mtu mwingine kwa bahati mbaya, kompyuta itaamini kosa hilo kila inapoisoma. Tena mwili una maji mengi, na maji hunyonya baadhi ya mawimbi. Mgonjwa aliyelalia mkono wake anaweza asisomeke kabisa. Mama ajibu kwa sauti jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, hata kama ni mara ya tano leo. Kama hawezi kusema, wewe mjibie.

Nani anaziona taarifa zake?

Uliza, una haki. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Ulizia nani anazisoma na zinafutwa lini.

Na bangili ikikatika?

Mwite nesi hapo hapo afunge nyingine. Usiiweke kabatini wala chini ya mto, kwani kompyuta itaendelea kuonyesha kwamba mama yuko kitandani hata akiwa ameanguka chooni.