"Inchi ngapi?" sio swali la kwanza ukinunua monita

Ukiingia duka la kompyuta hapa Dodoma kutafuta monita unaulizwa "unataka inchi ngapi?", na wengi wetu tunajibu kubwa kadri hela inavyoruhusu, tukiamini kioo kikubwa ndo picha safi. Sio kweli. Inchi zinapimwa kona hadi kona na zinakwambia ukubwa wa kioo, basi. Usafi wa picha unatokana na pikseli, vile vinukta vinavyoijenga, na full HD ni pikseli 1920 kwa 1080, iwe inchi 24 au 32 idadi ni ile ile milioni 2 na kidogo, kwahiyo ukitanua kioo umetanua na vinukta. Kwenye inchi 24 unapata pikseli kama 92 kwa kila inchi, kwenye 27 zinashuka mpaka 82, kwenye 32 zinabaki 69 na ukikaa karibu kama tunavyokaa mezani herufi zinaanza kuonyesha meno. Ukitaka inchi 27 ya kusomea mafaili kutwa nzima tafuta ya 2560 kwa 1440, la sivyo chukua 24 ya full HD, mi ndo nayomshauri kila mtu anayeniuliza.

Afu kuna hii ya "tivii na monita ni kitu kile kile". Hii ilimkuta shemeji yangu. Ni mhasibu, kazini kwake ni kule Mji wa Serikali Mtumba, nyumbani Ilazo akanunua tivii ya inchi 32 ili usiku amalizie kazi zake na wikiendi aangalie mpira, haikuisha wiki akanipigia, "shem njoo uone, namba hazisomeki, macho yananiuma." Nafika nakuta Excel iko wazi, namba nyekundu zimezungukwa na ukungu, 3 na 8 huzitofautishi mpaka usogeze uso kwenye kioo, na ile baa ya chini ya Windows imekatwa nusu. Kukatwa tulikumaliza dakika mbili tu: tivii nyingi zinakuza picha kidogo na kula kingo zake, unaingia kwenye seting ya ukubwa wa picha unaizima. Ule ukungu nao ukapungua tulivyoingia kwenye seting za tivii tukabadilisha jina la ile HDMI, tundu la waya wa picha lililochomekwa kompyuta, kuwa PC, maana tivii nyingi zinapunguza taarifa za rangi, kwenye muvi huoni tofauti ila kwenye herufi ndogo za rangi inaonekana. Lakini tivii yenyewe ilikuwa 1366 kwa 768, za inchi 32 nyingi ziko hivo, na hamna seting ya kuongeza pikseli ambazo hazipo. Muuzaji alimwambia "hii ni HD", na kweli ni HD, ila HD sio full HD! Sasa hivi tivii iko sebuleni wanaangalia kutoka kwenye kochi na ni nzuri tu, mezani kaweka monita ya mtumba ya inchi 24.

Na hiyo mtumba watu wanaiogopa bure. Nyingi zilitumika maofisini, stendi yake inapanda na kushuka, kitu ambacho mpya za bei ya chini mara nyingi hazina. Cha kuangalia ni matundu ya nyuma, za zamani unakuta VGA na DVI tu na laptopu yako mpya ina HDMI, DVI sio tatizo waya wa kawaida unatosha, VGA ndo itakudai kigeuzi chenye saketi yake.

Hz, yaani kioo kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde, zikiwa nyingi nazo sio ubora wa kila kitu. Muvi nyingi zinarekodiwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, monita ya Hz 144 haiongezi fremu ambazo hazikurekodiwa, na kwa Excel na Word 60 inatosha kabisa. Mcheza gemu yeye ana haki ya kuzitaka, mradi kompyuta yake iweze kuzitoa hizo fremu. Ila usishuke chini ya 60: ukichomeka monita ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) kwenye laptopu yenye HDMI 1.4, toleo la zamani, unapata 30 tu, mshale wa mausi unaona kabisa unaburuta.

Macho je? Mwanga wa bluu wa skrini haujathibitika kuharibu macho. Kinachochosha ni kukodoa bila kupepesa, na kwa upepo mkavu wa Dodoma macho yanakauka haraka. Kila dakika 20 angalia kitu kilicho mita 6 hivi kutoka ulipo kwa sekunde 20. Jua letu hili nalo, weka dirisha ubavuni, sio mbele wala nyuma yako, na chukua kioo kisichong'aa.

Umeme usikutishe, inchi 24 ya LED inakula kama wati 20, masaa 8 kwa siku 26 ni uniti 4 na kidogo za LUKU.

Siku ya kununua nenda na laptopu yako na waya wako, fungua faili lako lenyewe lenye namba ndogo nyekundu, kaa umbali unaokaaga nyumbani usome. Afu weka picha nyeupe tupu halafu nyeusi tupu, kagua vinukta vilivyokufa na kona zenye madoa, kabla hujatoa hela.